Mwezi Niliosuka Maziwa

Nianze kwa kujisifu, maana mbele kidogo nitaona haya. Mimi ndiye mpiga janti wa shule ya kilimani kwetu, upande huu wa Masisi, juu ya barabara inayotoka Sake. Janti ni chuma cha gurudumu la lori. Lori lenyewe lilifia kwenye matope ya Mushaki zamani, watu wakaligawana, na sisi tukapata kile chuma, tukakitundika kwenye mkaratusi karibu na darasa la kwanza. Nikikipiga kwa kipande cha nondo, kinasikika vilima vitatu. Wachungaji wanageuza vichwa, wanawake wanaochimba viazi wananyoosha migongo. Mzee mmoja wa ng'ambo ya bonde aliwahi kuniambia kwamba mimi napiga, wengine wanagonga tu. Nilitembea na neno hilo wiki nzima, kifua mbele.

Sasa Mungu, ambaye naye ana michezo yake, akanipa binti asiyeweza kuvumilia sauti.

Mvua ikianza kupiga mabati, alikuwa anaingia chini ya kitanda. Sufuria ikianguka, anajiuma mkono. Kanisani, spika zikifunguliwa tu, yuko nje kabla ya wimbo wa kwanza. Alipofika miaka saba alikuwa anaongea vizuri, anahesabu ng'ombe bila kukosea, anawaimbia ndama kwa sauti ndogo ambayo ni ndama tu walioisikia. Lakini asubuhi nikipiga janti kule juu, yeye huku nyumbani anapiga magoti, anajifunika kichwa kwa mikono. Baadaye asubuhi nzima ni hasira: hali, hajibu, anawafukuza kuku kwa fimbo mpaka kuku wenyewe wakasahau kutaga.

Watu hawakosi la kusema. Wengine walisema ni tangu tulipokimbia vita, yeye akiwa mgongoni kwa mama yake na milio ya risasi nyuma yetu. Wengine walisema kazaliwa hivyo. Wengine walisema ni pepo. Mimi nikachagua pepo, kwa sababu dawa yake ilikuwa karibu.

Nilimpeleka chumba cha maombi. Anayejua tunavyoomba kwetu anajua: pepo akiwa mkaidi, mnaongeza nguvu. Walikuja wanaume sita, ngoma tatu na spika ya kukodi. Tulimwombea mtoto anayeogopa kelele, kwa kelele! Tulipomaliza alikuwa amelala sakafuni, amejikojolea, hana hata nguvu ya kulia, na sisi tukapeana mikono kwamba pepo katoka. Mama yangu mzazi, aliyebatizwa kabla wale wanaume hawajazaliwa, aliingia, akamweka mjukuu wake mgongoni na kufunga kitenge.

"Muliombea masikio yenu," alituambia. "Yake hamukuifikia."

Hayo yangekuwa ya nyumbani tu kama si shule. Mwezi wa tisa ulipofika tulimshonea sare, tukampeleka. Nikapiga janti kama kawaida yangu, na kabla sijaweka nondo chini nikaona sare mpya inapotelea kwenye mahindi. Tulimpata jioni ndani ya zizi, katikati ya ndama. Direkta wa shule si mtu mbaya. Aliniita ofisini kwake, akanikalisha.

"Papa, mwaka kesho ntamupokea tena, mara moja. Akikimbia tena, siwezi. Mwalimu iko na batoto darasa muzima, hawezi kubaacha bote juu ya kutafuta moja mu mashamba."

Shule nyingine ambayo miguu ya mtoto wa miaka saba inaweza kuifikia haipo. Nilishuka kilima nikiwaza jambo moja tu: kila asubuhi namfukuza binti yangu shuleni kwa mkono wangu mwenyewe, na watu wananisifu.

Ilipofika mwezi wa tano, mke wangu akaleta habari kutoka soko la Mushaki. Kwenye kituo cha afya cha huko, kila Alhamisi, alikuwa anakuja mama mmoja anayewasaidia watoto wa namna hiyo kwa sauti. Nilicheka.

"Kutibu sauti kwa sauti? Ile si tulishafanya!"

Mke wangu aliniangalia tu, nami nikaenda kutafuta viatu.

Chumba cha yule mama hakikuwa na meza. Kulikuwa na mikeka, na ukutani blanketi nzito zilizoning'inizwa ili kelele za barabarani zisipite. Yeye alikuwa mtoto wa msitu, wa Walikale, na alikuwa anaongea polepole kiasi kwamba nilitamani kummalizia sentensi. Hakumrukia mtoto kwa salamu. Aliketi chini na kuweka mbele yake kengele ya mti, ile ambayo baba yake, mwindaji, alikuwa anamfunga mbwa wake shingoni ili asimpoteze porini. Aliitikisa kidogo: kolo, kolo. Binti yangu akaitazama, hakukimbia.

"Papa," mama akaniuliza, "mutoto anachukiaka sauti gani?"

Eh, hapo nilikuwa na majibu! Janti, mvua, spika, ngoma, pikipiki, mbuzi akichinjwa, mlango wa bati. Mke wangu akaongeza yake. Vidole vya mikono vilikwisha tukaanza upya.

"Sawa. Na anapendaka sauti gani?"

Nilimwangalia mke wangu, mke wangu akaangalia blanketi. Miaka saba tunalala nyumba moja na mtoto, tunajua kila kinachomuumiza, na hatukuwa na jibu hata moja. Niliona aibu ambayo sikuitegemea, aibu ya mtu aliyekamatwa.

"Muende nyumbani, mukaangalie," alisema yule mama bila ukali. "Musimuulize. Muangalie tu anaendaka kuikaa wapi."

Siku ya tatu nikaona. Mama yangu alikuwa anasuka maziwa uani. Kwetu maziwa yaliyolala yakaganda yanatiwa kwenye kisabo, kibuyu kikubwa kilichoiva kwa moshi, kinawekwa mapajani na kuyumbishwa huku na huku mpaka siagi ijitenge. Shubu, shubu, shubu. Binti yangu alitoka nyumbani, akaenda moja kwa moja nyuma ya bibi yake, akaketi, akaweka sikio mgongoni kwake, akafumba macho.

"Mama," nilinong'ona, "ameanza lini?"

"Tangu anajua kutembea," alisema mama yangu bila kuacha kusuka. "Nyinyi hamuonake?"

Alhamisi iliyofuata nilipomweleza yule mama wa Walikale, alicheka kwa mara ya kwanza. Alitutuma tuirekodi sauti ya kisabo kwa simu. Halafu akatoa kaske, vile vitu vya kuvaa masikioni, vikubwa na laini kama mikate miwili, akamvalisha binti yangu polepole, na mtoto akasikia kibuyu cha bibi yake ndani ya kichwa chake. Alishika mkeka kwa mikono miwili, akatabasamu.

Nitaeleza kazi yenyewe kama nilivyoielewa mimi, mtu wa janti. Kwanza kisabo peke yake. Kisha kisabo, na mbali nyuma yake ile kengele ya mbwa. Kisha muziki mtulivu ambao sauti zake kali zimepunguzwa, zinarudishwa kidogo kidogo, wiki kwa wiki. Mwishoni janti yangu, niliyotumwa kuirekodi kutoka ng'ambo ya bonde wakati mwenzangu akipiga, na yenyewe ikawa ndogo kama sufuria inayogongwa kijiji cha pili. Katikati ya hayo yote walichora, waliongea. Mtoto aliulizwa kila sauti inakaa wapi mwilini. Mvua, alisema, inakaa tumboni. "Janti inaikalaka mu meno." Alifundishwa pia cha kufanya na hasira: asukume ukuta kwa viganja viwili mpaka mikono ichoke. Na akaambiwa kuziba masikio si dhambi.

Sheria ilikuwa moja. Kitufe cha kuongeza sauti ni cha mtoto. Mwingine haruhusiwi kukigusa.

"Hata miye siigusake," alisema yule mama, akinitazama mimi kuliko alivyomtazama mke wangu. Watu wa msituni wana macho.

Tuliazimwa kaske, na mwezi wa sita na wa saba ikapita hivyo. Kila siku baada ya uji aliketi na simu yangu, akageuza sauti yake mwenyewe, akaipandisha, akaishusha. Alianza kulala vizuri. Aliongea zaidi. Kuku walianza kutaga. Mama yangu alisema nyumba imepata nafasi ya kupumua, na kweli, hata mimi nilianza kushusha sauti bila kuambiwa.

Basi hapa ndipo pa kuona haya.

Mwezi wa nane uliingia. Shule imebaki mwezi mmoja, na janti kwenye kaske bado ni ile ile ya sufuria ya kijiji cha pili. Nilihesabu Alhamisi zilizobaki, nikaanza kuwasha moto kichwani. Na niseme ukweli wote: iliniuma pia kusikia janti yangu imefanywa ndogo vile. Mimi ni mtu wa kusukuma. Ndama akiogopa mto, unamsukuma mara moja, analowa, anavuka, kesho anakutangulia. Nikasema moyoni, mtoto naye atashtuka mara moja, ataona hakufa, yataisha.

Nilipanda shuleni na simu, nikasimama chini ya mkaratusi, nikapiga kama ya Pasaka, nikarekodi. Nikamwomba kijana wa duka la simu anibandikie sauti hiyo mwishoni mwa ile ya kisabo. Asubuhi nikamvalisha binti yangu kaske mwenyewe. Kabla ya kumpa simu nilipandisha kitufe. Alinitabasamia. Kisabo kikaisha, janti ikaingia.

Hakulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Alitetemeka kama aliyemwagiwa maji ya moto, halafu akaniangalia. Aliniangalia kwanza, akaelewa ni nani, ndipo akaing'oa ile kaske na kuitupa juu ya mawe ya jikoni, akakimbilia zizini.

Hilo lilikuwa dogo. Jioni mama yangu alichukua kisabo, akayumbisha mara moja tu, shubu, na binti yangu akaziba masikio na kutoka mbio. Kesho yake hivyo hivyo. Kesho kutwa hivyo hivyo. Sauti moja tu ilikuwa yake katika dunia hii yenye fujo, na mimi baba yake nilikuwa nimemnyang'anya.

Alhamisi nilienda Mushaki peke yangu, kaske iliyovunjika ndani ya mfuko. Njiani nilijiandalia hasira yangu, maana nilijua nitagombezwa. Yule mama aliigeuza kaske mikononi.

"Hii inatengenezeka," alisema. "Ile ingine njo iko nguvu kutengeneza. Ulimudanganya ndani ya sauti yake. Sasa anangojea uongo kila fasi."

"Nifanye nini?"

"Usimuite. Usimufuate. Arudi yeye mwenyewe."

"Na asiporudi mbele ya shule kufunguliwa?"

"Basi hatarudi mbele ya shule."

Bwana we! Kidogo nichukue ile kengele ya mbwa niipige ukutani. Nilitoka bila kuaga, nikarudi kuaga, nikatoka tena.

Nyumbani mama yangu alikuwa ananingoja uani. Alisimama, akanionyesha kiti chake kidogo, na nilipoketi akaniwekea kisabo mapajani.

"Weye njo uliharibu. Suka."

Kwetu mwanaume hasuki maziwa. Anakamua, anachunga, anajenga zizi, lakini kisabo ni cha mwanamke. Hakuna aliyeandika hivyo popote, na hakuna asiyejua. Tena nyumba yetu iko kandokando ya njia. Kila anayeenda sokoni anapita hatua kumi kutoka ua wetu.

"Mama, bantu watapita."

"Bapite."

Walipita. Mungu wangu, walipita! Siku ya kwanza nilisuka kwa haraka, mpaka mama yangu akauliza kama napiga janti. "Polepole. Maziwa haikimbie." Siku ya pili wanaume waliokuwa wanashuka na mbao walisimama kabisa, wakatua mizigo ili wacheke vizuri. Mmoja aliniuliza kama nimepata mimba. Siagi yangu ya kwanza ilitoka kama uji, hata mbwa aliifikiria kwanza. Na kwa kuwa ng'ombe wetu ni wawili tu na maziwa hayaivi kila siku, siku za katikati mama yangu alinipa kibuyu cha zamani chenye maji.

"Papa, leo unasuka nini?" aliita jirani kutoka njiani.

"Maji."

"Ukipata siagi yake, utuletee!"

Nilicheka nami. Nini kingine? Mikono yangu inajua kupiga, ilijifunza kuyumbisha. Ukiyumbisha kwa haraka maziwa yanagonga, ukichelewa yanalala. Upo mwendo wake, kama kumbembeleza mtu ambaye hajakusamehe. Baada ya wiki moja niliona siwazi chochote nikisuka, nami si mtu wa kukosa la kuwaza.

Sikumwita. Niliambiwa nisimfuate, basi hata macho sikumfuata, na shingo iliniuma kwa kutogeuka. Lakini mtu anaona bila kutazama. Kwanza alikuwa anasimama nyuma ya zizi. Kisha kwenye mparachichi. Kisha akawa ameegemea ukuta wa jiko, vidole vimeziba masikio. Siku nyingine kidole kimoja kimetoka.

Siku moja asubuhi, jua likiwa limeshakausha ukungu, nilihisi uzito mdogo chini ya bega langu la kulia. Sikio. Niliendelea kusuka. Siagi ilikuwa imeshajitenga, niliisikia ikigonga ndani, na mama yangu akalalamika kutoka jikoni kwamba naharibu maziwa ya watu. Sikuacha. Nililia pale pale, mwanaume mzima, na waliokuwa wanapita waliona, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Nilikukosea," nilimwambia, bila kugeuka. "Sitagusa kitufe chako tena."

Kwetu baba hamwombi mtoto radhi kila siku. Sikio halikuondoka.

"Papa," alisema, "unasukaka mubaya."

"Najua."

"Lakini endelea."

Kaske ilitengenezwa kwa tepi nyeusi. Zilikuwa zimebaki Alhamisi mbili. Ya mwisho, kitufe kilifika katikati, janti ikiwa bado ng'ambo ya bonde, na yule mama wa Walikale hakunidanganya. Nilimuuliza kama inatosha. "Sijui," alisema. "Yeye njo atakuambia." Alimpa binti yangu mkono wa kuagana, na mimi akanipa mkono pia, ingawa sikuustahili.

Siku ya kwanza ya shule ilikuwa na ukungu. Sare ilikuwa ile ile ya mwaka jana, imeshushwa pindo. Binti yangu alisimama kwenye mstari wa darasa la kwanza, wa tatu kutoka mbele, na mstari huo unaanzia hatua chache tu kutoka kwenye mkaratusi. Direkta alitazama saa yake, akanitikisia kichwa.

Nilinyanyua nondo, na mkono ukakataa. Nilipiga kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. Ti. Mteremkoni watoto waliendelea kucheza. Nilipiga tena. Ti. Mama mmoja pale njiani hata hakukata hadithi yake.

"Papa, unangoja nini?" aliuliza direkta.

Mimi wa vilima vitatu, sikusikika hata vyooni. Nikamwangalia binti yangu, naye akatoka kwenye mstari. Nikaanza kuangalia upande wa mahindi, nipime ataingilia wapi.

Hakwenda kwenye mahindi. Alikuja kwangu, akazunguka nyuma yangu. Nilisikia paji lake la uso likiegemea chini ya bega langu la kulia, pale pale, na viwiko vyake viwili vikinigusa mbavu, kwa sababu vidole vilikuwa vimeshaziba masikio.

"Piga, Papa," alisema. "Bengine habasikie."

Nikapiga. Nilipiga ya vilima vitatu, mara kumi kama kawaida ya shule yetu. Kila pigo nilimhisi akiruka mgongoni kwangu, na baada ya kila pigo nilihisi kichwa chake kikirudi mahali pake. Nilihesabu kwa kichwa chake, si kwa nondo. Watoto walikuja mbio kutoka mteremkoni, madaftari yakiruka mikononi. Lilipoisha la kumi alitoa vidole masikioni, akausukuma mkaratusi kwa viganja viwili, akausukuma sana, kisha akafuta macho kwa pindo la sare na kurudi kwenye mstari, wa tatu kutoka mbele. Siku ile hakuna mtoto aliyechelewa.